Kushoto au Kulia? Kuchagua Chumba cha Meli Katika Mto Naili

Kabla hatujalipa nauli, mama yetu aliuliza swali moja tu: "Nikikaa chumbani, nitaona nini dirishani?"

Tulikuwa sebuleni kwake, Mji wa Kale, Mombasa, karatasi za safari zimetandazwa mezani. Sote tulishughulika na mambo tuliyoyaona makubwa: viza, ndege ya Kairo, dawa zake za presha, na hesabu ya fedha tulizoziweka kidogo kidogo kwa miaka miwili. Swali lake tulimfikishia wakala wa safari kwa simu. Akajibu bila kusita: "Mwambieni mama asiwe na wasiwasi. Pande zote ni sawa, mto ni mmoja."

Tuliridhika na jibu hilo kwa kuwa lilikuwa rahisi. Ni kweli mto ni mmoja, lakini kingo zake ni mbili, na kingo mbili za Naili hazifanani hata kidogo. Tulilifahamu hilo baada ya kufika, na aliyelipia kutofahamu kwetu alikuwa ni mama. Ndiyo sababu tumeona tuwaandikie wasomaji wetu, hususan familia ambazo siku hizi, wakitoka Umra au wakati wa likizo, hupenda kupitia Misri na kupanda meli kati ya Luxor na Aswan.

Kwa mtu mwenye magoti mazima, upande wa chumba ni jambo dogo. Atapanda sitaha ya juu, ageuke kushoto, ageuke kulia, aone yote. Lakini wako wasiopanda. Yuko mzee ambaye ngazi zimemshinda. Meli nyingine zina lifti, yetu haikuwa nayo. Yuko mama anayenyonyesha. Yuko mwanamke anayejihifadhi, ambaye akifika juu hukuta bwawa la kuogelea lenye wanaume na wanawake pamoja, na meza ya vileo pembeni, akaona bora arudi chumbani kwake. Kwa watu hao dirisha ndilo safari yenyewe. Wahenga wetu wa baharini walisema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi ni vyema mtu aijue ngama yake kabla ya kuilipia.

Kwanza, jua meli inaelekea wapi

Swali la kushoto au kulia halina jibu mpaka lijibiwe swali jingine: meli inapanda mto au inateremka?

Naili hutoka kusini ukaenda kaskazini. Sehemu ya maji yake huanzia huku kwetu Afrika Mashariki: mito ya Nzoia, Yala, Nyando na Sondu humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, na ziwa hilo hutoa Naili Nyeupe kule Jinja, Uganda. Sehemu kubwa zaidi hutoka nyanda za juu za Ethiopia kwa Naili ya Buluu, na mito hiyo miwili hukutana Khartoum. Kwa hiyo anayetoka Luxor kwenda Aswan anapanda mto, ijapokuwa kwenye ramani huonekana anashuka. Watu wengi huchanganyikiwa hapo, nasi tulikuwa miongoni mwao.

Meli ikitoka Luxor kwenda Aswan, uso wake uko kusini. Ukisimama ukaielekea omo, mkono wako wa kushoto uko mashariki na wa kulia uko magharibi. Meli ikitoka Aswan kurudi Luxor, mambo yote hupinduka: kushoto kunakuwa magharibi, kulia kunakuwa mashariki. Aliyesifiwa upande wa kulia na jirani yake aliyeanzia Luxor, kisha yeye akaanzia Aswan na kuomba kulia, atapata kinyume cha alichosifiwa. Safari ya kupanda kwa kawaida huchukua siku nne za kulala, na ya kuteremka siku tatu. Meli hazivuki Aswan kwenda mbele, kwa sababu mto umezuiliwa na mabwawa, la kwanza lililokamilika mwaka 1902, na Bwawa Kuu lililokamilika mwaka 1970.

Ushauri wetu ni kwamba unapozungumza na wakala, usitaje kushoto wala kulia. Taja mashariki au magharibi, kisha mtake akuambie ni vyumba vya nambari gani vitakavyokuwa upande huo katika safari yako. Mabaharia wetu wa majahazi walikuwa na busara hiyo zamani. Upande wa goshini kwao ni ule unaopokea upepo, na wa demani ni ule ulio chini ya upepo. Waliutaja upande kwa jambo linalouhusu, na jahazi lilipogeuka, jina nalo liligeuka.

Upande wa mashariki

Tuchukue sasa safari tuliyoifanya, ya kutoka Luxor kwenda Aswan, ambapo mashariki ni kushoto.

Mji wa Luxor wenyewe uko ukingo wa mashariki, pamoja na mahekalu ya Karnak na Luxor. Ndani ya Hekalu la Luxor upo msikiti wa Abul Hajjaj, uliojengwa juu ya kifusi cha mchanga na magofu katika zama ambazo hekalu lilikuwa limefukiwa. Mchanga ulipochimbwa na kuondolewa, msikiti ulibaki juu, na mlango wake wa zamani sasa unaning'inia ukutani mahali pasipofikika kwa mguu. Adhana husikika hapo katikati ya nguzo za mafirauni. Kila mwaka, katika mwezi wa Shaaban, watu wa Luxor hufanya maulidi ya sheikh huyo. Mgeni kutoka Lamu au Mombasa hahisi ugeni hapo.

Jina hilo lilijulikana mbali tangu zamani. Ibn Battuta alipita njia hii mwaka 1326 akitafuta njia ya kwenda Hijja, na katika safari yake ameutaja mji wa Luxor na kaburi la Abul Hajjaj, kisha Esna na Edfu. Edfu iko ukingo wa magharibi, na bahari ya Shamu iko mashariki, kwa hiyo ilimlazimu avuke mto ndipo ashike njia ya jangwani kuelekea bandari ya Aydhab. Huyo ndiye Ibn Battuta aliyekuja baadaye mwambao wetu, yapata mwaka 1331, akalala usiku mmoja Mombasa kabla ya kuendelea na safari yake ya Kilwa.

Ukiendelea kusini, ukingo wa mashariki una reli na barabara kuu inayounganisha Luxor na Aswan. Treni hupita, magari hupita, miji ni mingi zaidi. Kati ya Esna na Edfu huonekana kuta kubwa za matofali ya udongo za mji wa kale wa El Kab. Mbele zaidi, meli inapoukaribia mji wa Kom Ombo, hekalu lake liko juu ya ukingo, karibu kabisa na maji, na aliye dirisha la mashariki huliona bila kunyanyuka kitini. Usiku huwashwa taa. Mwisho wa safari, mji wa Aswan na barabara yake ya ukingoni vyote viko mashariki.

Upande wa magharibi

Ukingo wa magharibi, yaani kulia unapopanda, ni wa kimya zaidi. Watu wa kale wa Misri waliwazika wafalme wao magharibi, jua linakozama, na ndiko liliko Bonde la Wafalme, mkabala na Luxor. Kutoka mtoni bonde lenyewe halionekani, bali huonekana mlima ulioliinamia. Ukishauacha mji, ukingo huo ni mitende, miwa, ng'ombe wanaokunywa maji, wanawake wanaofua, watoto wanaopunga mikono. Nyuma ya utepe huo wa kijani, jangwa linaanza ghafla kana kwamba mtu amepiga mstari.

Edfu iko upande huo, na hekalu lake hufikiwa kwa gari la farasi au la moto kwa sababu liko ndani ya mji. Kati ya Edfu na Kom Ombo mto hubanwa na miamba mahali panapoitwa Gebel el-Silsila. Hapo ndipo yalipochimbwa mawe ya mchanga yaliyojenga mahekalu mengi. Machimbo yako kingo zote mbili, lakini vihekalu vilivyochongwa ndani ya mwamba, vikiwa na milango inayotazama majini, viko magharibi. Meli nyingi hupita hapo mchana, na hupita karibu. Mwisho, unapoingia Aswan, magharibi kuna vilima vya mchanga wa rangi ya dhahabu na makaburi ya wakuu wa kale yaliyotobolewa ubavuni mwa kilima.

Ukipanda mashua ya tanga hapo Aswan, utaona pia, juu ya kilima cha magharibi, kuba la kaburi la Aga Khan wa Tatu, Sultan Muhammad Shah, kiongozi wa Waismailia aliyefariki mwaka 1957. Jina hilo halina mtu wa Mombasa asiyelijua, kwa ajili ya shule na hospitali.

Kwa mandhari ya mashambani na machweo ya jua, basi, magharibi inashinda. Kwa miji, mahekalu yaliyo karibu na maji na macheo ya jua, mashariki inashinda. Lakini mandhari ni sehemu tu ya hesabu.

Jua na joto

Jua la asubuhi huingia vyumba vya mashariki, na jua la alasiri huingia vyumba vya magharibi. Maneno haya ni mepesi kuyasema, lakini Misri ya juu ina jua lisilo na mzaha. Katika miezi ya kiangazi joto la Luxor na Aswan huvuka nyuzi 40, na hakuna mawingu ya kulipunguza. Aliye magharibi atafunga pazia tangu Adhuhuri mpaka karibu na Magharibi, akakosa dirisha wakati ule ule meli inapopita mahali pazuri. Aliye mashariki atakuwa na kivuli mchana wote uliobaki, na dirisha lake litakuwa wazi.

Katika miezi ya baridi, kuanzia Novemba hadi Februari, hesabu hubadilika. Asubuhi na usiku kuna baridi ambayo sisi watu wa pwani hatukuizoea, na jua la alasiri huwa neema. Mzee mwenye maumivu ya viungo huweza kulifurahia.

Upepo hausumbui upande wowote sana, kwani kwa kawaida huvuma kutoka kaskazini, yaani nyuma ya meli inayopanda. Ndio upepo uliowawezesha watu tangu kale kupanda mto kwa tanga na kuteremka kwa nguvu ya maji, kama vile wazee wetu walivyokwenda kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. La kuogopa ni mlio wa injini, na huo hauko mashariki wala magharibi. Uko tezi. Omba chumba cha katikati au cha mbele.

Gatini hakuna upande

Hili ndilo lililotukuta. Tulipofika Luxor jioni ya kwanza tulimwingiza mama chumbani, upande wa mashariki, ghorofa ya chini. Tukalivuta pazia ili aone Naili aliyoisikia tangu madrasa. Mbele yetu, umbali wa mkono, kulikuwa na dirisha jingine, na ndani yake bwana wa kigeni aliyevaa taulo. Sote tuliruka nyuma, na pazia likafungwa kwa haraka iliyokaribia kulichana.

Meli za Naili zinapokuwa gatini hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili, tatu, hata zaidi. Abiria wa meli ya nje hupita ndani ya meli nyingine ili wafike nchi kavu. Kwa hiyo chumba cha upande mmoja hutazama ukuta wa gati au meli ya jirani, na cha upande wa pili nacho hutazama meli ya jirani, isipokuwa kwa ile iliyo nje kabisa. Hakuna wakala anayeweza kukudhaminia dirisha lililo wazi gatini, na anayekudhaminia usimwamini.

Mama hakulalamika. Aliketi kitandani akasema, "Basi Naili ndio hili pazia." Alisema kwa mzaha, lakini tulimwona alivyovunjika moyo, nasi tukanyamaza.

Dada zetu wanaojistiri wachukue funzo hapa. Msivue mtandio chumbani kabla ya kuhakikisha pazia limefungwa, hata kama mlipotoka asubuhi dirisha lilikuwa likitazama maji matupu. Meli ya jirani huja bila kubisha hodi. Ghorofa za juu zina nafuu kidogo ya mandhari na mwangaza. Ghorofa ya chini kabisa, ambayo ndiyo ya bei nafuu, ina madirisha yaliyo karibu na usawa wa maji, na gatini hutazama mawe. Kama mzee hawezi ngazi, omba ghorofa iliyo sawa na ukumbi wa chakula au ya mapokezi, wala si ya chini kwa sababu tu imeandikwa kuwa ya kwanza.

Kibla

Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini, karibu kabisa na kaskazini kamili, kwa sababu Makka iko juu yetu moja kwa moja. Ndiyo maana katika lugha ya wazee wetu neno kibla limekuwa pia jina la upande wa kaskazini. Mama yetu ameswali kuelekea huko maisha yake yote, na mwili wake umezoea.

Luxor na Aswan ziko magharibi ya Makka, na kaskazini yake kidogo. Kibla chake ni mashariki kwa kuegemea kusini. Meli inayopanda mto, uso wake kusini, kibla huwa mbele kushoto. Maana yake ni kwamba aliye chumba cha mashariki huswali akielekea dirishani au karibu na dirishani. Baina ya Esna na Edfu mto hukata kuelekea kusini-mashariki, na hapo kibla hukaribia kulingana na omo yenyewe. Mto una mizunguko, kwa hiyo usitegemee alama uliyoiweka jana. Chukua dira, au programu ya simu, uipime upya kila wakati wa swala.

Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, mwenye kuswali faradhi ndani ya meli huelekea kibla, na meli ikigeuka naye hugeuka nayo pale anapoweza. Ruhusa za msafiri za kupunguza na kukusanya swala zina masharti ya masafa na siku za kukaa. Msomaji amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka nyumbani, wala asingoje akiwa majini.

Alfajiri ya kwanza baada ya kuliacha gati, mama aliamka akatuuliza kibla kiko wapi. Tulipomwonyesha dirisha, alishangaa. Tulilivuta pazia, na safari hii hapakuwa na mtu mbele yetu; ulikuwapo mto mweusi, na ukingo wa mitende, na mwangaza mwembamba unaoanza kupambazuka nyuma yake. Tulimwekea kiti aswali akiwa ameketi, kwa udhuru wa magoti yake. Alipomaliza hakuondoka kitini. Alikaa mpaka jua likachomoza, tasbihi mkononi, na hatukumsemesha.

Tulivyosuluhisha

Tulikuwa watu sita, na tulikuwa na vyumba vitatu, viwili kati yake vikitazamana, ukumbi mwembamba katikati. Kimoja kilikuwa cha mama na binti yake, cha mashariki. Cha pili kilikuwa cha watoto na baba yao, cha magharibi. Siku ya pili, meli ilipoiacha Edfu, kijana wetu wa miaka kumi alikuja mbio: "Bibi, njoo huku kwetu, kuna milango ndani ya jiwe!"

Hatua zilikuwa nne au tano kutoka mlango hadi mlango. Mama alivuka ukumbi kwa fimbo yake, akaketi dirishani kwa watoto, na Gebel el-Silsila ikapita mbele ya macho yake. Tangu hapo ukawa ndio utaratibu wetu. Asubuhi watoto walihamia kwa bibi yao, mashariki, na alasiri bibi alihamia kwao. Kom Ombo ilipokaribia tulimrudisha upande wake. Hakupanda ngazi hata moja, na aliona takriban kila tulichokiona sisi tulioungua jua juu ya sitaha.

Hili halikutugharimu hata shilingi moja ya ziada, na lilikuwa bahati tu. Sasa tunalisema kama ushauri: familia inayohitaji vyumba viwili iombe vinavyotazamana, kimoja kila upande, badala ya vinavyofuatana. Mawakala wengi hupenda kuwapa watu wa familia moja vyumba vilivyofuatana, wakidhani wanawafanyia wema.

Kama chumba ni kimoja tu, nasi tukiulizwa, tungemchagulia mzee wetu mashariki kwa safari ya kupanda, kwa ajili ya kivuli cha alasiri na Alfajiri ile. Katika miezi ya baridi, kwa wanandoa au kwa wenye watoto wanaopenda kutazama mashamba, magharibi haina majuto.

Kuna jambo moja ambalo halitaki upande. Kabla ya kuvuka Esna, meli husubiri zamu ya kuingia kwenye lango la maji linaloziinua. Hapo wachuuzi huja kwa mashua ndogo, pande zote mbili, wakiwa na kanzu, shali na vitambaa vya meza. Hurusha bidhaa ndani ya mfuko mpaka juu sitahani, mnapatana bei kwa kupiga kelele, kisha unawarushia fedha au unawarudishia mali yao. Binti zetu walinunua shali mbili, na hatujui hadi leo kama walipunja au walipunjwa.

Aliyetembea ukingoni

Jioni ya mwisho kabla ya Aswan, watoto walikuwa wamemzunguka bibi yao naye akiwasimulia kisa cha Nabii Musa, amani iwe juu yake, kama kilivyo katika Surat al-Qasas: mama aliyetiwa ilhamu amtie mwanawe mtoni, na dada aliyeambiwa afuate nyuma, akawa anamtazama kwa mbali bila watu wa Firauni kutambua. Hatudai kwamba yalitokea katika sehemu ile ya mto. Lakini kisa hicho hakisikiki vile vile darasani na pale maji yenyewe yanapopita chini ya dirisha.

Mdogo wao akauliza, "Bibi, yule dada alitembea upande gani? Huu wetu au ule wa kwa baba?"

Mama alicheka. "Allahu aalam, mwanangu. Upande ambao angemwona nduguye."

Tumelifikiria sana jibu hilo tangu turudi. Mama sasa hasafiri tena. Daktari amemkataza safari ndefu, naye anakaa dirishani kwake Mji wa Kale akiwatazama wapitao. Kama tungelichukua swali lake kwa uzito aliouuliza nao, hangelala usiku wa kwanza akitazama pazia. Lilikuwa swali la mtu aliyejua kwamba atakaa pale tutakapomweka, nasi tulilichukua kama wasiwasi wa kizee.

Ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwa hiyo msomaji anayekusudia safari hii, au anayewasafirisha wazazi wake, na amuulize wakala maswali haya, na majibu ayatake kwa maandishi:

Je, safari inaanzia Luxor au Aswan?

Je, chumba changu kitakuwa mashariki au magharibi, na nambari yake ni ipi?

Je, ni ghorofa ya ngapi, na kuna ngazi ngapi kutoka hapo hadi ukumbi wa chakula? Lifti ipo?

Je, kiko mbali kiasi gani na injini?

Je, dirisha linafunguka, na kama kuna roshani, kizuizi chake kinawafaa watoto wadogo?

Je, vyumba vyetu vinaweza kutazamana?

Na kabla ya kumuuliza wakala, muulize kwanza yule atakayekaa dirishani anapenda kuona nini. Huenda akataka macheo, huenda akataka mashamba, huenda akataka tu mahali pa kuswali bila kugongana na kitanda.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu nchi kavu na majini, awarudishe majumbani kwa salama, na awape wazee wetu afya na mwisho mwema. Amin.